Mashine ile iache ilale

London

Swahiba yangu wa dhati,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, baridi ndiyo kwanza imeanza kuuma, na watoto wanakuamkia. Barua yako imefika, na picha ulizopiga ghalani nimezitazama mpaka mama watoto akaniuliza kama nimepata habari za msiba. Mashine mbili za sinema, za mkanda wa milimita 35, zimesimama na vumbi lao, na makopo ya bati ya mikanda yamepangwa ukutani! Nimefurahi mno. Ila hilo wazo lako la kuzifufua, mtundike kitambaa cheupe na kuonyesha tena picha za Kihindi kwa mkanda "kama enzi zetu", ngoja kwanza tulizungumze, maana naona umeshaanza kuchangisha.

Tuanze na hasira zako juu ya dijitali, hizo projekta za kuonyesha filamu bila mkanda. Unasema ndiyo iliyoziua sinema zetu. Hapo unamsingizia mtu aliyekuwa bado tumboni mwa mama yake. Majestic hapo Unguja, Empire na Avalon kule Dar, zilianza kukimbiwa na watu video zilipoingia majumbani miaka ya 1980. Ile Drive-In ya Dar iliyofunguliwa 1966, ambako familia nzima ilikwenda na gari na sufuria la pilau, leo uwanja wake una ubalozi wa Marekani. Wakati huo wote projekta ya dijitali haikuwapo popote. Hollywood yenyewe ilianza kuonja tarehe 18 Juni 1999, pale Star Wars mpya ilipoonyeshwa kwa dijitali katika kumbi nne tu za maeneo ya Los Angeles na New York. Studio kubwa zikakaa chini, zikatoa masharti ya pamoja ya kiufundi mwaka 2005, na mabadiliko yenyewe yakaja kwa kishindo kuanzia 2009, pale kila mwenye ukumbi alipotaka kuonyesha picha za pande tatu (3D). Mwishoni mwa 2013 studio ya Paramount ikaacha kusambaza mikanda ya filamu zake kubwa Marekani. Sisi tulishazika na matanga tumeshamaliza.

Sasa nikupe haki yako pale ulipo nayo. Mkanda ukiwa mpya, na mashine ikiwa mikononi mwa fundi, hakuna kinachoufikia. Mwaka 2023 nilikwenda BFI IMAX, ukumbi wa skrini kubwa mno hapa Waterloo, kuitazama filamu ya Oppenheimer kwa mkanda wa IMAX wa milimita 70. Duniani kote kumbi zilizouonyesha mkanda wa aina ile zilikuwa 30 tu. Urefu wake ni karibu kilomita 18 na uzito wake unapita kilo 250. Ukumbi huohuo skrini yake ina urefu wa mita 20 kwenda juu. Nakwambia ngozi ya uso wa mtu ilikuwa na uhai ambao sijauona katika dijitali. Giza la usiku lilikuwa giza. Projekta nyingi za dijitali hazijui kuzima kabisa. Mwanga kidogo huvuja, na pale penye weusi unaona kijivu cha kukoza. Ukikaa kwenye ukumbi mzuri, tukio la usiku ndilo linalokuonyesha tofauti kabla ya lingine lolote.

Kuna na jambo jengine ambalo nililisoma zamani na bado linanishangaza. Mkanda haupiti mbele ya taa kwa mtiririko. Ndani ya mashine mna gia yenye umbo la msalaba, inauvuta mkanda fremu moja, yaani picha moja, inausimamisha, inauvuta tena, mara 24 kwa sekunde. Kila unapovutwa, kuna kipande cha bati kinachozunguka kinaziba mwanga ili tusiuone mkanda ukikimbia. Maana yake, takriban nusu ya muda tuliokaa Majestic tulikuwa gizani na hatujui. Dijitali haina mchezo huo. Ndani ya projekta ya kawaida ya sinema mna vipande vitatu, cha nyekundu, cha kijani na cha buluu, na kila kimoja kina vioo vidogo zaidi ya milioni mbili, vinapinduka maelfu ya mara kwa sekunde, kuelekea lenzi au kuipa mgongo. Picha imetulia tuli. Wapo wanaosema utulivu huo ndio unaowafanya waone kama wanatazama televisheni kubwa, na siwezi kuwabishia sana, kwa sababu mimi mwenyewe huhisi hivyo baadhi ya siku.

Lakini swahiba, huo ni mkanda mpya wa London. Wetu ulikuwaje?

Sahau nostaljia kidogo, ukumbuke vizuri. Nakala ya kutazamwa haikutoka moja kwa moja kwenye mkanda uliokuwa ndani ya kamera. Kwa kawaida mkanda wa asili ulitolewa nakala, nakala ikatolewa nakala, na hiyo ikatoa zile mamia zilizokwenda kwenye kumbi, na kila hatua ilikula ukali kidogo wa picha. Hizo mamia zenyewe ndizo zilizozunguka Bombay na miji ya bara Hindi, zikapanda meli, zikapigwa Mombasa na Nairobi na Dar, na hatimaye zikavuka bahari kuja kwetu zikiwa kama noti ya shilingi kumi iliyopita mikono ya soko zima. Unakumbuka ile mistari myeupe iliyosimama wima kutoka mwanzo wa rili, lile gurudumu la mkanda, hadi mwisho? Unakumbuka sauti inavyokwaruza mwisho wa kila rili? Mkanda ukikatika, opareta, yule mwendesha mashine, alikata fremu zilizoharibika akaunga upya, na sekunde zile hazikurudi tena. Kaka yako alikuwa akirudi kutoka Dar anatuhadithia ngumi ambazo sisi hatukuziona, tukamwita muongo! (Na hapo sijamgusa mdhibiti wa filamu na mkasi wake.) Rangi nazo: mikanda mingi ya miaka ya 1950 hadi 1970 ilipoteza buluu na kijani kadiri ilivyozeeka, ikabaki na wekundu. Sari ya kijani ikawa ya waridi, bahari ikawa ya waridi, na sisi tukadhani ndivyo India ilivyo.

Kwa hiyo ukilinganisha, linganisha kwa uadilifu. Kile tulichokipata sisi kilikuwa mabaki ya mkanda, na dijitali ndiyo teknolojia ya kwanza inayompa mtazamaji wa Mbagala au Mombasa picha ileile aliyoipata mtazamaji wa Los Angeles, siku ileile, isiyo na mkwaruzo hata baada ya kupigwa mara elfu. Opareta anapokea diski ndogo anayoishika kwa mkono mmoja. Mkanda wa filamu ya saa mbili ulikuwa zaidi ya kilomita tatu, na mchukuzi alijua uzito wake.

Wazee wa mjini wanasimulia jinsi nakala moja ilivyotumiwa na kumbi mbili kwa usiku mmoja. Rili ya kwanza ikimalizika huku, kijana anaitia kwenye baiskeli anaikimbiza kule, kisha anarudi kuchukua ya pili. Pancha moja tu, na ukumbi mzima unapiga miluzi. Hilo nalipenda kulisikia, lakini nani angelitaka tena, ukimtoa msimuliaji?

Ninachokililia mimi ni yule mtu wa chumbani juu. Rili moja kubwa ilichukua dakika 20 hivi, kwa hiyo ilibidi mashine ziwe mbili, moja inamaliza nyingine inapokea. Wewe ndiye uliyenionyesha vile vidoa vinavyowaka kwenye pembe ya juu kulia mwa picha. Kidoa cha kwanza, opareta anawasha injini ya mashine ya pili. Sekunde saba hivi baadaye kidoa cha pili, anabadilisha. Akisinzia, tunakiona kitambaa cheupe, na jina la mama yake linatajwa. Alikuwa anaitazama picha pamoja nasi kwa kulazimika. Leo katika kumbi nyingi chumba kile hakina mtu. Kompyuta imepangiwa ratiba tangu asubuhi, inazima taa, inaanza filamu, inawasha taa. Niliingia ukumbi mmoja huku, sitautaja, picha ikawa na kiza kana kwamba stelingi anapigana ndani ya pishi. Walisahau kuondoa kichujio cha picha za pande tatu mbele ya lenzi. Nikatoka kutafuta wa kumwambia, nikamkuta kijana anapima bisi, akaniambia meneja wake ndiye mwenye nywila. Tukaitazama hivyohivyo. Na kuna kero ya ufunguo: filamu ya dijitali huja imefungwa, na studio hutuma ufunguo maalumu kwa mashine hiyo tu, kwa tarehe na saa zilizotajwa. Ufunguo ukichelewa, una diski nzima mkononi na huna onyesho. Mkanda, hata ukiwa umechakaa, ulihitaji taa na mkono wa mtu basi.

Haya, turudi ghalani kwako, maana hapa ndipo penye kazi.

Mashine ziache zilale. Zisafishe, zipake mafuta, ziwekeni mlangoni watu wapige nazo picha. Lakini makopo, tafadhali, usiyapitishe kwenye mashine hata kwa majaribio. Mkanda uliokaa miaka katika joto na unyevu wa pwani huwa umesinyaa, matundu ya pembeni hayalingani tena na meno ya mashine, na ukiuvuta unapasuka vipandevipande. Fungua kopo moja nje, penye upepo, unuse. Ukipata harufu ya siki, mkanda umeanza kuoza. Utenge na wengine haraka, kwa sababu tindikali hiyo inaharakisha kuoza kwa jirani yake. Kisha tazama ukingoni kwa kioo cha kukuza. Ukiona limeandikwa neno SAFETY, shusha pumzi. Ukiona NITRATE, au filamu yenyewe ni ya kabla ya miaka ya 1950, funga kopo polepole na usimruhusu mtu kuvuta sigara karibu. Mkanda wa aina hiyo hushika moto kwa urahisi, na moto wake ukishawaka haukubali maji.

Usidhani nakutisha ili uyatupe. Kinyume chake kabisa. Filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, Alam Ara ya 1931, hadi leo hakuna nakala yake inayojulikana kubaki. Nyingi nyingine zimepotea huko zilikotengenezwa, na nakala ya mwisho huenda imelala bandarini mwa watu wengine, ndani ya ghala la mfanyabiashara aliyeacha kuikodisha. Mumbai kuna Film Heritage Foundation, ilianzishwa 2014 kwa kazi hiihii, na Pune kuna hifadhi ya taifa ya filamu tangu 1964. Nitawaandikia wote wawili, lakini nahitaji orodha yako kwanza.

Hapo ndipo mkanda unapoipiga dijitali bao la wazi, swahiba, na ndiyo sababu nakuzuia kuuchosha. Mkanda uliotunzwa penye ubaridi na ukavu hukaa miaka mia na zaidi, na mjukuu wako ataushika mbele ya dirisha aone picha bila kuuliza ni programu gani inayoufungua. Diski haina subira hiyo; lazima kila baada ya miaka michache uihamishe, uinunulie nyumba mpya, umlipe wa kuiangalia. Mwaka 2007 Academy, hao wanaotoa Oscar, walipiga hesabu: kuhifadhi filamu moja kwenye mkanda ni dola 1,059 kwa mwaka, kwa dijitali ni dola 12,514. Bei za diski zimeshuka tangu wakati huo, lakini kazi ya kuhamisha haijaondoka.

Kwa onyesho lenu basi, tafuteni projekta ya kawaida ya leza, yenye mwanga wa kutosha. Mashine rasmi za sinema, zinazokubali filamu mpya zenye ufunguo, ni makumi ya maelfu ya dola, na nyinyi mnataka picha za zamani tu. Nyingi zimeshasafishwa kwa dijitali, rangi zimerudishwa. Utaiona sari ile ya kijani. Tamasha la filamu hapo Ngome Kongwe linaonyesha kwa projekta chini ya nyota, na sijasikia mtu amedai kurudishiwa kiingilio. Haki za kuonyesha mlipie mwenyewe filamu. Kwa hilo usinijie na mambo ya vibanda umiza, vile vya mtaani vya kuonyesha video bila kumlipa mwenyewe. Na muweke mtu chumbani, hata kama mashine haimhitaji. Mpeni kiti.

Sasa nisaidie haya kabla ya mwisho wa mwezi: idadi ya makopo, maandishi yote yaliyo juu ya vifuniko hata kama ni ya Kihindi au Kigujarati (piga picha tu), neno lililo ukingoni mwa mkanda kwa kila kopo, na umbali kutoka ukuta wa nyuma wa ukumbi hadi pale mnapotaka kutundika kitambaa. Umbali huo pima kwa futi kamba, sio kwa hatua zako. Miguu yako naijua.

Wasalimie wote, na umwambie Bi mkubwa shikamoo yake ipo njiani pamoja na dawa ya magoti.

Wasalaam,
Swahiba yako