Watoto wa chekechea wafundishwe kuanguka, wasipiganishwe

Mhariri,

Jumamosi asubuhi huwa nafundisha judo watoto wa chekechea, wa PP1 na PP2, katika ukumbi mmoja hapa Langa Langa, Nakuru. Muhula uliopita ulipofungwa, shule moja ilinialika kutazama maonyesho ya karate. Watoto wa miaka minne walisimamishwa wawili wawili juu ya zulia lililotandazwa kwenye saruji, kofia za kukinga kichwa zikiwapwaya hadi machoni, wakaambiwa wapigane. Mama mmoja nyuma yangu alikuwa akipaza sauti, "Mpige teke!" Aliyepigwa alilia. Aliyepiga naye akalia.

Sina neno na watoto wadogo kujifunza michezo hii. Riziki yangu mwenyewe imo humo. Neno langu ni kuhusu kinachotangulia. Katika judo, aliyoianzisha Jigoro Kano mjini Tokyo mwaka 1882, mwanafunzi huanza kwa kujifunza kuanguka. Kidevu kifuani, mgongo uviringe, mkono mzima uupige mkeka. Mtoto asiyefundishwa hutanguliza kiganja, na hapo ndipo kifundo au kiwiko huvunjika. Wangu huanza wakiwa wamechuchumaa. Nikisema "embe limeiva!" wote wanadondoka chali, wanacheka, wanaomba tena. Kwa mvua za Aprili na njia zetu hizi za utelezi, somo hilo litawafaa hata wakiacha judo kesho.

Wazazi wanaotamani medali nao wajue kwamba Japani, kwenye asili ya judo, ilifuta mwaka 2022 mashindano ya kitaifa ya mtu binafsi ya wanafunzi wa shule za msingi, kwa sababu wazazi na makocha walizidi kuhangaikia ushindi. Na wale walikuwa watoto wa miaka kumi na zaidi! Nikiulizwa mtoto atapanda daraja lini apate mkanda wa njano, hujibu: akijua kuufunga huu mweupe bila mimi.

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, elimu ya chekechea iko mikononi mwa kaunti. Idara ya elimu ya Nakuru basi itoe mwongozo: walio chini ya miaka sita wasipiganishwe, wasitozwe ada ya mtihani wa mkanda, na mkufunzi asipewe darasa kabla hajaonyesha cheti cha huduma ya kwanza na mikeka atakayotumia.

Mwalimu wa judo,
Langa Langa, Nakuru