Tusimlaumu Mzee Majuto, tuisome mikataba

Mhariri,

Kila inapokaribia Agosti 8, siku aliyofariki mchekeshaji Amri Athumani, yaani King Majuto, pale Muhimbili mwaka 2018, kurasa za burudani hujaa picha zake na wimbo ule ule: wachekeshaji wetu wakipata hutapanya, ndiyo maana uzeeni hutembezewa bakuli. Maelezo hayo yanaanzia mwisho wa safari. Fedha nyingi za mchekeshaji wa luninga na video hazimfikii mkononi hata azitapanye. Zimeshaondoka siku aliyotia saini.

Mzee yule alizaliwa Tanga mwaka 1948 na kupanda jukwaani 1958, kwa hiyo hadi anazikwa huko huko Tanga alikuwa na miaka 60 kazini. Alianza zama za kuigiza mbele ya watu, ambako malipo ni mepesi kuhesabu: viingilio vimekusanywa, kikundi kimegawana, kesho mnaanza upya. Onyesho likiisha limekwisha, hakuna wa kuliuza tena. Ilipokuja kanda ya video, naye akiwa miongoni mwa wachekeshaji wetu wa mwanzo kuingia humo, kazi ya siku tatu ikaweza kuuzwa miaka kumi. Mazoea ya kulipana yakabaki yale ya mlangoni: umeigiza, chukua chako, kwaheri.

Itazameni kazi yenyewe inavyofanyika. Filamu nyingi za vichekesho zilizojaa maduka ya Kariakoo zilipigwa kwa siku chache, mara nyingi bila mazungumzo yaliyoandikwa. Dairekta anasema: wewe ni baba mwenye nyumba, huyu mpangaji hajalipa kodi, mkeo anamtetea. Kamera inawashwa. Yanayofuata yanatoka kichwani mwa mwigizaji. Majuto aliweza kuanza sentensi kwa upole wa mzee anayetoka msikitini na kuimaliza kwa ukali wa mgambo, na katikati hapo jicho limemtoka, mdomo umebaki wazi, neno bado. Watazamaji huanza kucheka kwenye kile kimya.

Kichekesho cha namna hiyo hakirudiwi. Mwambie arudie ili upate uso kwa karibu, neno litakuwa jingine na mkono utakuwa upande mwingine, na mhariri wa picha atashindwa kuviunga vipande viwili. Wapigaji wanaojua kazi huwasha kamera mbili kwa pamoja, moja pana na moja ya uso, na maiki huning'inizwa juu ya vichwa. Wanaotegemea maiki ya kamera wameshaua vichekesho vingi vizuri: bodaboda inapita, neno la mwisho linamezwa, na kichekesho kisicho na neno la mwisho ni ugomvi tu.

Sasa, maneno yale kayatunga nani? Kayatunga aliyeyasema. Lakini mkataba, kama upo, humtaja kuwa mwigizaji peke yake, na utunzi huandikwa jina la prodyuza au hata la msambazaji. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, mtunzi ana hakimiliki, inayoendelea hata baada ya kufa kwake. Mwigizaji ana hakishiriki, yaani haki ya aliyeiigiza kazi, ambayo ni nyembamba zaidi. Mstari mmoja tu, "mazungumzo yametungwa na waigizaji", ungemhamisha mzee kutoka kibarua hadi mwenye mali.

Wengi pia hudhani mwigizaji na mwimbaji wamekaa benchi moja kisheria. Hapana. Mkataba wa kimataifa wa Roma wa 1961, kifungu cha 19, unasema mwigizaji akishakubali kurekodiwa kwenye filamu au video, kinga alizopewa na mkataba huo zinakoma hapo. Aliyerekodi sauti tupu hakufanyiwa hivyo. Mwigizaji wa filamu ilibidi asubiri mkataba mwingine wa kimataifa, wa Beijing, uliopitishwa Juni 2012 na kuanza kutumika Aprili 28, 2020, na huo nao unairuhusu kila nchi kuamua kwamba haki za mwigizaji zihamie kwa prodyuza akishakubali kurekodiwa, labda waandikiane vinginevyo. Ndiyo kusema kila kitu kinategemea hayo maandishi.

Chukua hesabu ya mfano. Msambazaji anataka kazi jumla kwa shilingi 3,000,000. Au anatanguliza 1,000,000, kisha 200 kwa kila nakala. Nakala ya 10,000 njia hizo mbili zinalingana, na kila inayouzwa baada ya hapo inaingiza. Msanii mwenye kodi ya nyumba mlangoni huchukua milioni tatu, na simcheki. Ubaya wa njia ya pili ni kuhesabu, kwa sababu mwenye duka ndiye mwenye daftari. Stempu za kodi za Mamlaka ya Mapato (TRA) zilipoanza kubandikwa kwenye kazi za muziki na filamu mwaka 2013, dawa ilipatikana: andika kwamba malipo yafuate idadi ya stempu zilizochukuliwa. Leo DVD zimekwisha, kwa hiyo kipengele kile kile kidai ripoti ya mapato ya chaneli ya YouTube kila miezi mitatu, na kwa luninga, kumbukumbu ya kila mara kipindi kiliporudiwa.

Matangazo ya biashara ndiyo mtego mkubwa zaidi. Saini moja, malipo mara moja, halafu sura inakaa barabarani hadi rangi inachuja. Mkataba wa tangazo usitiwe saini kabla ya kujaza mapengo manne: muda (miezi 12, siyo "wakati wote"), eneo (Tanzania tu, au na Kenya?), vyombo (redio, luninga, mabango na mitandao, kila kimoja na bei yake), na kufungwa mikono, yaani kama unakatazwa kutangaza bidhaa shindani, kwa muda gani na kwa fidia gani. Hilo la nne husahaulika, nalo ndilo linalokula kazi nyingine ambazo msanii angepata mwaka huo.

Mwaka 2018, mzee akiwa mgonjwa, Waziri Harrison Mwakyembe aliunda kamati ya kupitia mikataba yake na ya marehemu Steven Kanumba, nyota wa filamu. Nia ilikuwa njema, ila wakili anaanza na karatasi, na msanii aliyesaini nakala moja ikabaki ofisini kwa mwenye fedha hana cha kumpa. Saini nakala mbili, moja uende nayo nyumbani.

Kuna na suala la jina. Vijana wa kikundi cha vichekesho cha Ze Comedy walipohama kituo cha luninga cha EATV kwenda TBC1, jina liligombewa, nao wakarudi kwa watazamaji kama Ze Orijino Komedi. Jina la mhusika, kama Majuto lilivyokuwa, lisajiliwe kwa msanii kabla halijavuma. Likishavuma kila mtu analo.

Mwisho kuna warithi. Mchekeshaji Sharo Milionea alifariki kwa ajali Muheza, Novemba 26, 2012, akiwa kijana ambaye filamu zake na Majuto zilikuwa bado zinauzwa. Familia katika hali hiyo isiende dukani kwa msambazaji kulalamika. Iende mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi, na kwenye orodha ya mali, pamoja na nyumba, shamba na pikipiki, iandike kila filamu kwa jina lake, mwaka wake na aliyeisambaza. Bila barua ya usimamizi mkononi, msambazaji ana haki ya kuuliza anamlipa nani.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga