Mahema ya Los Angeles na nyumba tupu za Detroit si ugonjwa mmoja

Bwana Mhariri,

Video za mahema yaliyopangwa kando ya barabara za Los Angeles zimezunguka sana kwenye simu za watu hapa Lubumbashi, na hukumu ni ileile kila mara: serikali ya Marekani imeshindwa, au watu wale ni wavivu na wavuta dawa. Humohumo zinachanganywa picha za Detroit, nyumba zimeungua na majani yamefika dirishani. Tunaomba nafasi kidogo, maana hayo ni magonjwa mawili, na dawa ya huu haiponyi ule.

Detroit mtu wa Lubumbashi anaielewa bila mkalimani. Mwaka 1950 ilikuwa na watu karibu 1,850,000. Mwaka 2020 walibaki kama 639,000. Viwanda vya magari vilihama au vilipunguza wafanyakazi. Barabara kuu za sheria ya 1956, ambazo serikali kuu ililipia asilimia 90, ziliwatoa wenye mishahara wakaishi nje ya mipaka ya mji, huku watu Weusi wakinyimwa mikopo ya nyumba kwa sababu mitaa yao ilipakwa wekundu kwenye ramani kama mahali pa hatari kukopesha. Kule Marekani shule na polisi hutegemea sana kodi za mji wenyewe. Watu wakiondoka, kodi inaondoka nao, lakini mabomba na taa za kilomita za mraba 360 zinabaki palepale zikidai matengenezo. Julai 2013 mji ukatangaza kufilisika, na deni la takriban dola bilioni 18. Gary, mji uliojengwa na kampuni ya chuma mwaka 1906, mwaka uleule kampuni ya shaba ya Union Minière ilipoanzishwa kwetu, ulishuka kutoka watu 178,000 mwaka 1960 hadi 69,000 mwaka 2020.

Nyumba tupu haifi kwa uzee. Inauawa na shaba. Mwenyewe akiondoka na kuacha maji ndani, baridi ya Januari inayagandisha na bomba linapasuka. Kisha wakusanya vyuma wanaingia usiku, wanatoboa kuta, wanang'oa mabomba na nyaya za shaba na kuziuza kwa uzito. Hapo gharama ya kuitengeneza imeshapita bei ya nyumba yenyewe, mnunuzi hapatikani, na kinachofuata mara nyingi ni moto. Taa za barabarani nazo zilikufa: kati ya taa 88,000 karibu asilimia 40 hazikuwaka. Kufikia mwisho wa 2016 mji ulikuwa umeweka taa mpya 65,000, nyaya zake za aluminiamu, kwa kuwa aluminiamu haimlipi mwizi. (Fundi yeyote wa komini yetu ya Katuba angewaambia hivyo bure.) Ofisi ya mji inayoshika viwanja vilivyotelekezwa nayo iliwauzia majirani kiwanja kitupu cha ubavuni kwa dola 100. Kubomoa nako kuna utaratibu: asbesto, nyuzi za ujenzi zenye madhara kwa mapafu, inatolewa kwanza, halafu nyumba inaangushwa pamoja na msingi wake, halafu shimo linajazwa udongo safi. Ukijaza vifusi, ardhi inatitia, na kiwanja hakijengeki tena.

Los Angeles ina kazi na ina pesa. Ilichokosa ni vyumba. Kwa miaka mingi takriban robo tatu ya ardhi yake ya makazi iliruhusiwa nyumba ya familia moja tu. Hoteli duni za kupanga chumba kimoja, kimbilio la maskini, zilibomolewa kwa wingi katika miji mikubwa ya Marekani. Hospitali za akili za majimbo, zilizokuwa na wagonjwa 558,000 mwaka 1955, ziliwatoa watu kabla vituo vya matibabu vya mitaani vilivyoahidiwa havijatosha. Dawa za kulevya zipo, hatukatai. Lakini West Virginia ni kati ya majimbo yanayoongoza kwa vifo vya dawa hizo, na wanaolala nje huko si wengi kama California, kwa sababu kupanga nyumba ni nafuu. Usiku mmoja wa Januari 2024 watu 771,480 walihesabiwa hawana makazi Marekani nzima. Zaidi ya theluthi moja walikuwa nje kabisa.

Serikali ilifanya nini? Iko hati ya msaada wa pango: mpangaji analipa kama asilimia 30 ya mapato yake, ofisi inamalizia. Ila wanaostahili wengi hawaipati, na anayeipata huenda akapewa siku 60 za kutafuta nyumba huku wenye nyumba wakimkwepa. Mwaka 2016 Los Angeles ilipiga kura kukopa dola bilioni 1.2 ili ijenge hadi vyumba 10,000. Vingi vikaja kugharimu karibu dola 600,000 kila kimoja, kwani kila jengo lilingoja vibali na kuunganisha mifuko kadhaa ya pesa, kila mfuko na masharti yake. Grants Pass, mji mdogo wa Oregon, ulichagua kuwatoza wanaolala nje faini ya dola 295, na Juni 2024 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikasema miji inaweza kufanya hivyo. Asiye na kodi ya chumba atalipaje faini?

Houston, mji wa Texas, ilifanya tofauti. Mashirika zaidi ya 100 yalikubali orodha moja ya majina ya wasio na makazi. Vyumba vinakodiwa mapema kwa wenye nyumba wa kawaida, na kambi ya mahema inafungwa baada ya kila mtu kuonyeshwa mlango wake. Kati ya 2011 na 2024 wasio na makazi walipungua kwa zaidi ya asilimia 60. Ilisaidia pia kwamba Houston haina sheria kali za kugawa ardhi, hivyo kujenga ni rahisi.

Lubumbashi sasa ina magonjwa yote mawili: kambi za zamani za wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, zilizochakaa, na kodi za nyumba zinazopandishwa na pesa ya migodi. Sheria yetu ya Desemba 2015 inasema garanti, yaani pesa ya dhamana anayoweka mpangaji, kwa nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Ulizeni wapangaji wa komini zetu za Kenya na Kampemba wanadaiwa miezi mingapi. Na siku katapila linapotumwa kubomoa vibanda, tungependa gazeti lako limwulize burugumesta, mkuu wa komini inayobomolewa, swali moja kabla injini haijawashwa: leo jioni kuna vyumba vingapi vilivyo tayari, wapi, na kwa bei gani?

Wasomaji wenu,
Kamalondo, Lubumbashi