Viraka vya DHIS2 visingoje toleo jipya

Mhariri,

Kuna agizo ambalo maafisa TEHAMA wa sekta ya afya hulisikia mara kwa mara: "Mfumo unafanya kazi, msiuguse." Kwa DHIS2, mfumo unaobeba takwimu za afya za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na nchi nyingine nyingi, agizo hilo lina madhara makubwa kuliko wanavyodhani wanaolitoa. Naomba jambo moja: kazi ya kuweka viraka, yaani marekebisho madogo ya programu, itenganishwe na kazi ya kuhamia toleo jipya. Zikiwekwa kwenye mpango mmoja na barua moja ya kuomba kibali, zote mbili hukwama.

Namba yenyewe inaonyesha tofauti. Katika 2.41.3, toleo ni 41, na ile 3 ya mwisho ni kiraka cha tatu cha toleo hilo. Ukitoka 2.41.2 kwenda 2.41.3 unapata marekebisho ya hitilafu na ya usalama. Karani anayeingiza taarifa za MTUHA (takwimu za vituo vya afya) haoni kilichobadilika wala hahitaji mafunzo. Ukitoka 2.39 kwenda 2.41, muundo wa hifadhidata unabadilika, Java inayouendesha mfumo inaweza kulazimika kubadilishwa, na baadhi ya kurasa walizozoea watumiaji zitakuja na sura nyingine. Kuna jambo jingine ambalo mara nyingi halifiki mezani kwa wakurugenzi: Chuo Kikuu cha Oslo, kinachoongoza utengenezaji wa DHIS2, hutoa viraka kwa matoleo matatu ya karibuni tu. Ukikaa miaka bila kuhama, unafika mahali ambapo kiraka cha toleo lako hakipo tena. Hapo kazi mbili zinakuwa moja kwa lazima, na mara nyingi ni siku ambayo pengo la usalama limeshatangazwa.

Mapengo hayo si ya kufikirika. Mwaka 2021 iligundulika kwamba mtu mwenye akaunti ya kawaida ya DHIS2 angeweza kupenyeza amri za SQL (lugha ya hifadhidata) kupitia anwani ya API, mlango wa programu nyingine kuzungumza na mfumo, iitwayo trackedEntityInstances, mahali zinapopita taarifa za mgonjwa mmoja mmoja. Mfumo wa taifa una akaunti nyingi sana, na nyingine ni za watumishi waliokwisha kuhama kituo, kwa hiyo sharti la "awe na akaunti" halimpi mtu usingizi. Desemba mwaka huohuo likaja pengo la Log4j, maktaba inayotumiwa na mifumo mingi ya Java. Rekebisho la kwanza, 2.15.0, halikutosha, zikafuata 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1 kabla mwezi haujaisha. Aliyeweka la kwanza akafunga faili alikuwa bado wazi. Ndiyo maana kuweka viraka kunahitaji siku yake kwenye kalenda ya kila mwezi, bila kusubiri kamati ikae.

Kazi yenyewe ni fupi. Simamisha Tomcat (programu ya seva inayoiendesha DHIS2), chukua nakala rudufu ya hifadhidata, toa dhis.war ya zamani (faili lenye DHIS2 yenyewe), futa folda ya dhis iliyofunguliwa ndani ya webapps (folda ya Tomcat ya programu), weka war mpya, washa, kisha fuatilia catalina.out (faili la matukio ya Tomcat) mpaka mfumo usimame. Kosa linalorudiwa sana liko kwenye hatua ya kutoa faili la zamani. Watu hulibadilisha jina tu, likawa dhis-zamani.war, wakaliacha palepale ndani ya webapps. Tomcat ikiwaka hulifungua nalo pia. Sasa kuna DHIS2 mbili za viraka tofauti zinazoandika kwenye hifadhidata moja, kumbukumbu ya seva inaisha, na kila mtu anakilaumu kiraka. Lihamishie nje ya webapps kabisa.

Nakala rudufu nayo isemwe wazi, maana neno hilo limekuwa la kutia tiki kwenye fomu. Amri ya pg_dump yenye -Fc inatosha, na majedwali ya analytics (yanayolisha chati na dashibodi) yanaweza kuachwa nje kwa -T kwa kuwa hutengenezwa upya. Kuyaacha kunapunguza sana ukubwa wa faili. Lakini hifadhidata peke yake si mfumo mzima. Folda ya DHIS2_HOME ina dhis.conf na ina mafaili yaliyopakiwa na watumiaji. Ndani ya dhis.conf kuna encryption.password, ikipotea, taarifa zote zilizofungwa kwa nenosiri hilo hazitasomeka tena hata kama hifadhidata imerudi salama. Na nakala ambayo haijawahi kurejeshwa kwenye seva nyingine isihesabiwe kuwa nakala.

Kuhamia toleo jipya ni shughuli ya uzito mwingine, na haina kurudi nyuma. DHIS2 mpya ikiwaka mara ya kwanza, Flyway, chombo kilicho ndani yake, hubadilisha muundo wa hifadhidata hatua kwa hatua na kuandika kila hatua kwenye jedwali la flyway_schema_history. Baada ya hapo huwezi kurudisha war ya zamani ikafanya kazi. Njia pekee ya kurudi ni kurejesha nakala rudufu. Kwa hiyo zoezi lote lifanyike kwanza kwenye nakala ya hifadhidata halisi. Hifadhidata ya mfano kutoka Oslo haifai kwa kazi hii, kwa sababu mambo yanayokwamisha ni yale mliyoongeza wenyewe kwa miaka.

La kwanza kati ya hayo ni SQL view, yaani hoja iliyohifadhiwa inayoonekana kama jedwali. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, hukataa kubadilisha aina ya safu inayotumiwa na view, hivyo Flyway husimama katikati na mfumo hauwaki. Futeni view zenu kabla ya kuhama, zile zinazoanza na _view kwenye hifadhidata, kisha mzitengeneze upya baadaye. Maelezo yake yanabaki ndani ya DHIS2. La pili ni viongezi vya PostgreSQL: postgis, btree_gin na pg_trgm viwekwe mapema na mtumiaji wa postgres, kwa sababu akaunti ya kawaida ya DHIS2 inaweza kukosa ruhusa ya kuviunda.

Kisha kuna Java na Tomcat. Toleo la 2.41 linadai Java 17. Toleo la 42 linadai Tomcat 10.1, kwa sababu vifurushi vya Java vilivyoitwa javax sasa vinaitwa jakarta. Ukiliweka kwenye Tomcat 9 halitawaka. Seva ya Ubuntu 22.04 iliyowekwa kwa njia ya kawaida ina Java 11 na Tomcat 9, maana yake kuhama kunaanzia kwenye seva yenyewe. Hapa ndipo mipangilio hupotea kimyakimya. Kiasi cha kumbukumbu mlichompa Java, ile Xmx, kiliandikwa kwenye /etc/default/tomcat9. Tomcat 10 husoma /etc/default/tomcat10, faili jipya lisilojua lolote. Mfumo utawaka, utaonekana mzima asubuhi, halafu watumiaji wakiongezeka utaanza kujikokota na kuanguka. Hamisheni mipangilio hiyo mstari kwa mstari, pamoja na DHIS2_HOME na ruhusa ya systemd (msimamizi wa huduma za seva) ya kuandika kwenye folda hiyo.

Mifumo mingine inayozungumza na DHIS2 huumia zaidi na kusahaulika zaidi. Anwani za zamani za tracker, sehemu ya taarifa za mgonjwa mmoja mmoja, zimeondolewa katika toleo la 42, na kazi zake ziko chini ya /api/tracker. Hata majina yamebadilika: trackedEntityInstance sasa ni trackedEntity, eventDate ni occurredAt, dueDate ni scheduledAt. Mfumo wa hospitali au wa maabara unaotuma taarifa kwa majina ya zamani utakataliwa, na kama hakuna anayesoma majibu ya API, pengo litaonekana miezi kadhaa baadaye kwenye chati. Orodhesheni kila kinachotuma au kuvuta taarifa kabla ya kupanga tarehe. Log (orodha ya maombi) ya Nginx au Apache, seva ya wavuti iliyo mbele ya Tomcat, itawaonyesha hata wale msiowakumbuka.

Tarehe isiwe ndani ya wiki mbili za mwanzo wa mwezi, ripoti zinapoingizwa. Wahudumu wanaotumia programu ya Android watume taarifa zote zilizo kwenye simu kabla seva haijazimwa.

Mfumo ukishawaka, dashibodi zinaweza kuonyesha hitilafu au kubaki tupu mpaka majedwali ya analytics yatengenezwe upya. Katika hifadhidata kubwa zoezi hilo huchukua saa nyingi. DHIS2 hutengeneza majedwali mapya pembeni kabla ya kufuta ya zamani, kwa hiyo diski iwe na nafasi ya kubeba yote mawili kwa pamoja; ikijaa, PostgreSQL yenyewe inaweza kusimama. Watumiaji nao wafute akiba ya kivinjari, la sivyo wataona kurasa nusu za zamani nusu mpya. Kabla ya kumfungulia mtu yeyote, linganisheni takwimu za kipindi kilekile kati ya seva ya zamani na mpya, wilaya kwa wilaya: watoto waliopata Penta 3 (dozi ya tatu ya chanjo ya Penta), mahudhurio ya kwanza ya kliniki ya wajawazito, wagonjwa wa malaria waliothibitishwa. Tofauti ya mtoto mmoja ina sababu yake, na sababu hiyo itafutwe kabla mfumo haujafunguliwa.

Yote haya yanahitaji seva ya pili yenye diski na kumbukumbu sawa na ile ya kazi, na saa za mtu wa kuisimamia. Mikataba mingi hulipia moduli mpya na dashibodi mpya, vitu vinavyoonekana siku ya uzinduzi. Nawasihi wanaoandaa bajeti na hadidu za rejea waweke vifungu viwili tofauti: kimoja cha viraka vya kila mwezi, kinachotekelezwa bila kuomba kibali kipya kila mara, na kingine cha kuhamia toleo jipya, chenye zoezi kamili la majaribio na ripoti yake. Taasisi ambazo toleo lao limekwisha kutoka kwenye orodha ya yanayohudumiwa zianze na zoezi hilo la majaribio sasa, huku zikipima muda wa kila hatua kuanzia nakala rudufu hadi analytics, kwa sababu muda huo ndio utakaoandikwa kwenye barua ya kuomba kuzima mfumo.

Msimamizi wa seva za mifumo ya afya,
Dodoma