Yah: Malalamiko ya kuharibiwa mtambo wa leva za reli ya mfano

Kwa Meneja,
Karakana, Tanga.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini hujambo na kazi zinakwenda. Zangu zimesimama, na waliozisimamisha ni vijana wako.

Utaratibu wenu wa kutogusa kisichoandikwa kwenye risiti mnaujua kuliko mimi. Risiti yangu inasema: kubadilisha mhimili wa leva uliopinda. Basi. Nilipokuja kuchukua mtambo, msimamizi wako alivuta leva nyekundu ya ishara na leva nyeusi ya pointi (kipande cha reli kinachogeuzwa kuipeleka treni njia nyingine) kwa pamoja, zote zikaja, akacheka mbele ya wateja: "Babu, zilikuwa zimegoma, nimekulainishia. Hiyo ya bure."

Ya bure! Chini ya leva zile kuna mabapa ya shaba yenye mapengo yaliyokatwa mshazari, na vijino vinavyosukumwa pembeni kuingia humo. Ukishavuta nyekundu kuruhusu treni, kijino kinaibana nyeusi, pointi haigeuki mpaka ishara irudi kwenye kusimamisha. Kugoma ndiyo kazi yake. Uingereza waliliwekea sheria jambo hili mwaka 1889, baada ya ajali ya treni ya Armagh kule Ireland. Leo Tanga, mji ambao reli yake ilianza kujengwa 1893, tunakosa fundi wa kuuliza kabla ya kushika tupa? Treni zangu ni za mfano, sikatai, reli na reli zimeachana milimita 12 tu. Lakini vijino vile nilivichonga mwenyewe usiku, umeme ukikatika naendelea na tochi mdomoni. Vyote vimesagwa.

Na siku ya kuleta mtambo, maana hilo sijalisema, nilimwonyesha kijana wenu wa mapokezi jinsi leva moja inavyoikatalia nyingine. Akaitikia "sawa mzee, sawa mzee" huku macho yake yakiwa kwenye simu.

Narudia ili lieleweke. Msimamizi alishika nyekundu kwa mkono wa kulia, nyeusi kwa kushoto, akazivuta zote huku ananitazama usoni, unga wa shaba bado uko vidoleni mwake. "Hiyo ya bure." Mama mmoja aliyeleta sufuria kuchomelewa akacheka naye. Nilipomwambia ameniharibia, akanijibu, "Nenda kacheze na wajukuu." Na hela nikalipa.

Naomba nirudishiwe fedha yangu. Pia mnitengenezee vijino vipya, vya shaba, si bati, nami nikiwa nimekaa hapo hapo karakana natazama. Na msimamizi aniombe radhi mbele ya wateja, si ofisini kwako mlango umefungwa. Nawapa siku saba. Zikipita naingia Tume ya Ushindani na risiti, picha na mtambo wenyewe, na hapo nitadai fidia ya kila kijino. Msije mkamtuma kijana nyumbani na kreti ya soda kuniomba yaishe.

Wenu,
Mteja, Ngamiani