Okidi ikimaliza maua haijafa, msiitupe

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua niseme jambo linaloniuma kila nikipita nyuma ya jengo letu hapa Posta, Dar es Salaam, maana pale kwenye pipa la taka nakuta okidi zimetupwa na chungu chake, majani bado mabichi, mazito, yanang'aa, eti kisa maua yameisha. Wiki iliyopita nimeokota mbili. Mtu katoa elfu sabini kununua zawadi, maua yamekaa miezi miwili mitatu yakadondoka moja moja, basi mmea mzima unahesabiwa marehemu. Haujafa jamani, umepumzika.

Naongelea ile okidi ya madukani yenye majani mapana na maua kama vipepeo yamejipanga kwenye fimbo ndefu, falenopsisi. Asili yake misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, Ufilipino, Indonesia na kule kote, na haioti chini, inaishi juu ya matawi imejishikiza kwenye magamba ya mti kwa mizizi yake na wala hainyonyi mti. Mvua inapiga, maji yanateremka, upepo unakausha mizizi. Ukilielewa hilo umeshaelewa karibu kila kitu.

Mimi ya kwanza niliiua mwaka 2021. Maua yalipoisha nikaihamishia kwenye udongo mweusi na samadi, nikawa namwagilia asubuhi na jioni kama mchicha, baada ya wiki kadhaa majani yakalegea nikazidisha maji nikidhani ina kiu. Nilipoing'oa mizizi ilikuwa ya kahawia, ukiubana mmoja ngozi inavuka yote unabaki na kiuzi mkononi. Iliniuma sana, maana alinipa dada yangu.

Sasa hivi nafanya hivi. Ua la mwisho likidondoka naangalia fimbo, ikiwa imekauka au ya njano naikata chini kabisa, ikiwa ya kijani na mmea una nguvu nahesabu vifundo kutoka chini, nakata juu kidogo ya kile cha pili au cha tatu, hapo mara nyingine inachipua tawi jipya la maua. Lakini kama mizizi ni michache au majani yamesinyaa usiwe na tamaa, kata yote chini ijirudishie nguvu kwanza. Wembe ufute na spiriti kabla ya kukata, manake ugonjwa unahama na wembe.

Maji ndo yanaua okidi nyingi hapa mjini. Usifuate siku, fuata mizizi, kwenye kile chungu cha plastiki kinachoonyesha ndani unaiona vizuri tu: ikiwa ya kijani subiri, ikigeuka rangi ya fedha ina kiu. Kwangu inatoka mara moja kwa wiki, joto la Januari mara mbili. Nachovya chungu kwenye ndoo dakika kama kumi, natoa, naacha yachuruzike yote. Na maji yakituama pale katikati majani yanapotokea yafute na tishu hapo hapo, kwa sababu huu mmea una moyo mmoja tu, ukioza huo ndo basi.

Badala ya udongo natumia vipande vya makumbi ya nazi na mkaa, makumbi nayaloweka siku kadhaa nikibadilisha maji mpaka yasitoe tena ile rangi ya chai. Mbolea ni NPK ya maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa, kila baada ya wiki mbili, na mizizi iwe imeshalowa. Mwanga iupate wa kutosha ila jua la mchana hapana, linababua majani, dirisha la mashariki linatosha kabisa.

Halafu kuna ubaridi, hiki hakuna aliyeniambia. Okidi hii inahitaji wiki kadhaa za usiku wenye ubaridi kiasi ndo itoe fimbo mpya, watu wa Lushoto na Iringa hawana shida, sisi wa Dar tunasubiri kipupwe. Mwaka jana kuanzia Juni niliihamishia kibarazani, mwisho wa Julai nikaona kitu kinachungulia chini ya jani, nikadhani mzizi, ila mzizi ncha yake ni ya mviringo na hiki kilikuwa bapa kidogo kama mkono wa mtoto uliofumbwa. Oktoba ikafungua maua kumi na moja. Niliwaita majirani waje waone.

Ninachoomba kwa wenye maduka ni kitu kidogo, yangu niliuziwa ndani ya chungu cha kauri kisicho na tundu hata moja, maji yanatuama chini mwezi mzima hujui. Toboeni vyungu, na mbandike hata karatasi ya mistari mitano ya Kiswahili. Na nyie mnaosafisha maofisi, kabla hamjatupa muulizeni sekretari kama kuna anayeitaka.

Hizo mbili nilizookota, moja imebaki na mizizi minne mizima na nyingine miwili tu, fimbo zote nimekata chini na nimezipa makumbi mapya. Ile ya miwili leo asubuhi nimeona imeanza kusukuma mzizi mwingine, ncha ya kijani, haijafika hata ukubwa wa punje ya mchele.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam