Barua kwa mwanangu aliyeshindwa uchaguzi

Mwanangu mpenzi,

Umesema hutagombea tena kwa sababu watu wamekukataa. Kabla hujayatupa mabango yako, nataka nikueleze habari za mwanamke wa hapa hapa Houston, Barbara Jordan. Sanamu yake iko uwanja wa ndege wa Austin.

Alizaliwa 1936 katika mtaa wa Fifth Ward, binti wa mchungaji wa Kibaptisti. Alisomea sheria Boston, akarudi kwao na kuanza uwakili kwenye meza ya chakula ya wazazi wake. Mwaka 1962 akagombea Baraza la Wawakilishi la Texas, akashindwa. Mwaka 1964 akarudi, akashindwa tena. Weusi wenzake walimpigia kura kwa wingi, lakini siku hizo mgombea alipigiwa kura na kaunti nzima ya Harris, yenye Houston yote, na kura za Wazungu zikazimeza zile za mitaa yake. Tena Texas ilikuwa inatoza kodi ya kupiga kura: maskini atoe pesa kwanza ndipo aruhusiwe kuchagua. Sasa niambie, hapo nani alimkataa nani?

Mwaka huo huo wa 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba maeneo ya uchaguzi wa mabunge ya majimbo yalingane kwa idadi ya watu. Kaunti ikagawanywa upya. Barbara alipolitazama eneo jipya la Seneti, akakuta ndani yake mitaa mingi ambayo ilikuwa imempa kura. Akagombea 1966, mwaka ambao kodi ile nayo iliondoka, akashinda. Tangu 1883 hakuna mtu mweusi aliyekuwa ameketi katika Seneti ya Texas. Alikuwa mwanamke peke yake kati ya wanaume 30.

Kazi aliyoifanya humo ndiyo ninayoipenda zaidi, kuliko hata hotuba yake ya 1974 katika Bunge la taifa, kuhusu kumshtaki Rais Nixon, ambayo watu wote wanaikumbuka. Alisoma kanuni mpaka zikamkaa kichwani. Ilitakiwa theluthi mbili ya maseneta wakubali ndipo muswada ujadiliwe, maana yake watu 11 wakikataa, muswada umekwama. Ulipokuja muswada wa kubana uandikishaji wa wapiga kura, alikwenda kwa maseneta mmoja mmoja mpaka wakatimia wa kuukwamisha. Akasaidia kupatikana kwa sheria ya kwanza ya kima cha chini cha mshahara Texas, wakiwemo vibarua wa mashambani. Mimi niliyeanzia kufua mashuka ya hoteli katika jimbo hili najua maana ya mshahara usioweza kushushwa chini ya kiwango.

Maeneo ya Bunge la taifa yalipochorwa upya 1971, yeye mwenyewe alikuwa katika kamati ya Seneti iliyohusika. Wapo waliomlaumu kwamba amejikatia kiti na kuliacha eneo lake la zamani livunjwe. Lawama hiyo siidharau. Lakini baada ya miaka ya kuchorewa mipaka na wengine, sioni kwa nini angekaa nje ya chumba kile.

Kuna siku moja siachi kuifikiria. Tarehe 10 Juni 1972 walimpa ugavana wa Texas wa siku moja, kwa kuwa alikuwa rais wa muda wa Seneti. Baba yake, Benjamin, alikuwepo Austin. Siku hiyo hiyo akaugua ghafla, kesho yake akafariki. Yule mzee alikuwa mkali, alimdai mwanawe alama za juu tangu utotoni. Nashukuru Mungu aliwahi kumwona pale.

Sasa turudi kwako. Kiti cha bodi ya shule ulichokiomba kinapigiwa kura na wilaya nzima ya shule. Hujatazama hata kituo kimoja kimoja, umetazama jumla tu. Kule kwenye nyumba za kupanga ulikopita na baba yako hodi hodi, walikupa kura ngapi? Na wangapi hawakuwa wamejiandikisha kabisa? Mpaka ujue hayo, usiniambie umekataliwa.

Omba matokeo ya kila kituo ofisi ya uchaguzi ya kaunti, ni haki yako kuyapata. Jumapili baada ya ibada njoo nayo, na kalamu za rangi, tuyapake kwenye ramani. Nitapika pilau. Shangazi yako anakusalimu sana, naye anataka kujua tarehe ya mwisho ya kujiandikisha kwa uchaguzi ujao, maana safari hii ana uraia.

Mama yako